Asili ya Umbo: Gandini na Countach Mbili

Machi 1971, katika maonyesho ya magari ya Geneva, kampuni ya Lamborghini ilionyesha gari la manjano lenye umbo la kabari. Pua yake ilikaribia kugusa ardhi, mstari mmoja ulipanda toka puani hadi paani, na milango ilifunguka kwenda juu. Liliitwa Countach, tamko la mshangao katika lugha ya Piemonte. Msanifu wake, Marcello Gandini wa karakana ya Bertone, ndiye aliyekwisha kuipa kampuni hiyo hiyo Miura, gari la mikunjo laini. Miaka mitano tu ilikuwa imepita.

Mwaka 2021, Countach ilipotimiza nusu karne, kampuni ilitoa gari jipya lenye jina lile lile, magari 112 tu. Mistari ya zamani ililainishwa na kuvikwa gari la kisasa ambalo injini yake husaidiwa na mota ya umeme. Gandini, aliyefariki mwaka 2024, alitangaza hadharani kwamba hakushiriki wala hakuliridhia. Kwake, kila gari lilipaswa kuachana na lililotangulia. Kurudia ni kuikana kanuni hiyo.

Je, alisema haki? Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, na kampuni ingeweza kujikinga kwa methali hiyo. Lakini methali haituambii asili ni kitu gani.

Tuitazame milango. Gari la 1971 lilikuwa pana, la chini, lenye vizingiti vinene, na dereva hakuona mengi nyuma yake. Mlango wa kawaida ungehitaji nafasi kubwa ubavuni. Mlango upandao juu ulimwezesha kushuka mahali finyu, na alipotaka kurudi nyuma, aliketi juu ya kizingiti na kuchungulia nje. Ulikuwa jawabu la taabu iliyokuwapo. Katika zama ambazo kamera ndogo humwonyesha dereva yaliyo nyuma, sehemu ya taabu hiyo imekwisha. Mlango umebaki, nao umekuwa nembo zaidi kuliko jawabu.

Ikiwa asili ya Countach ni mistari yake, gari la 2021 ni mwana halali. Ikiwa asili yake ni kuikabili taabu bila kujali jana ilitatuliwaje, basi Countach ya kwanza iliienzi Miura kwa kutofanana nayo, na ya pili imeirithi ya kwanza kwa sura tu.

Hata hivyo, hoja ya Gandini ina mipaka. Gari lile halikuwa lake peke yake: mhandisi Paolo Stanzani ndiye aliyeilaza injini kwa urefu na kuielekeza giaboksi mbele, na umbo likafuata mpangilio huo. Tena, anayelazimika kuwa mpya kila siku naye ana bwana anayemtumikia. Na wasomaji wa ushairi wetu wanajua kwamba bahari moja ya utenzi imebeba fikra mpya kwa karne nyingi bila kumfanya mtunzi mtumwa.

Kwa hiyo sioni kosa katika kurudia kwenyewe. Kosa huingia pale umbo linaporudiwa kwa sababu limekwisha kupendwa, kisha jina likauzwa kana kwamba uthubutu wa kwanza nao umo ndani. Jina la Countach ni mali ya kampuni. Uthubutu wa 1971 haukuandikwa katika hati yoyote ya umiliki. Gandini hakuweza kulizuia gari lisitengenezwe, na pengine hakustahili kulizuia, lakini alikuwa na haki ya kusema kwamba yeye hayumo.

Nasi tulio mbali na makwetu, tunaoikariri methali ile kila tuwaonapo watoto wetu wakibadilika, tungefaa kujiuliza kwanza ni asili ipi tunayowadai: mistari ya nje, au ujasiri wa wazee walioichora.