Rehani Isiyoshikwa kwa Mkono

Mnamo Julai 2020 kampuni ya Safaricom ilianzisha utaratibu wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao kwao mtu asiye na mshahara wala hati ya shamba aliweza kuondoka dukani na simu ya kisasa kwa kutanguliza arbuni ya shilingi 1,000 na kuahidi kulipa shilingi 20 kila siku kwa muda wa miezi tisa. Na kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, kampuni ya M-KOPA ilikuwa imekwisha kuwazoeza watu wa mashambani kununua taa za nguvu za jua kwa malipo ya kila siku, taa ambazo, malipo yakikatika, zilizimika kwa amri iliyotoka mbali. Leo simu za mkopo zimejaa katika miji yote inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hata Nanyuki, Meru, Embu na Kerugoya, na ni nadra kumpata mfanyabiashara wa soko la Karatina asiyefahamu maana ya kuambiwa kwamba simu ya fulani imefungwa. Wengi hulitazama jambo hili kuwa la biashara tu, nami siwalaumu, kwa kuwa ndivyo lilivyoletwa kwetu. Walakini ndani yake mna suali ambalo manabii, mafakihi na wazee wa mbari walilishughulikia kwa karne nyingi kabla simu haijabuniwa, nalo ni hili: mwenye kudai ana haki ya kuunyoosha mkono wake hadi wapi ndani ya maisha ya mwenye kudaiwa?

Yafaa kwanza tuujue mkono wenyewe ulivyo. Chombo kinachofanya kazi hii ni cha jamii ya programu za kusimamia simu pamoja na programu zilizomo ndani yake, ambazo makampuni na idara kubwa huzitumia ili simu za madereva, wauguzi na makarani wao zifanye kazi iliyokusudiwa na si nyingine. Simu inapowashwa mara ya kwanza, kabla mnunuzi hajaandika jina lake, programu hiyo huweza kusajiliwa ndani ya mfumo wa Android kwa cheo cha mmiliki wa kifaa, na tangu hapo yule anayeiendesha, awe Nairobi au ng'ambo, huwa na uwezo ambao mwenye kuibeba simu hana wala, aghalabu, hajui kwamba upo. Aweza kuificha programu isionekane tena. Aweza kuisimamisha, ikabaki mahali pake na alama yake imegeuka rangi ya kijivu, ikiguswa isifunguke. Aweza kuingiza programu mpya bila ya kubisha hodi. Aweza kuamua mapema ni programu ipi itakayoruhusiwa kutumia kamera na ipi itakayonyimwa. Aweza kuizuia simu isirudishwe katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Na mwisho aweza kuufunga uso wote wa simu, usibaki ila ukurasa mmoja wa kulipia na njia ya kupiga nambari ya dharura.

Basi simu hiyo ni ya nani? Risiti ina jina la mnunuzi, ilhali mfumo wenyewe wa simu umemwandika mwingine kuwa mmiliki. Watu wa Nyeri hawakuanza jana kujua kwamba milki si kitu kimoja kisichogawanyika. Katika desturi ya Agikuyu, kama Jomo Kenyatta alivyoieleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotoka mwaka 1938, mwenye githaka, yaani ardhi ya mbari, aliweza kumkaribisha muhoi, mtu asiye wa mbari ile aliyepewa mahali pa kulima kwa urafiki na bila ya kodi. Muhoi alipanda, akavuna, akalea wanawe kwa mavuno yale, wala hapana aliyemwita mwizi wala aliyemwita mwenye ardhi. Kisha, katika miaka ya vita vya msituni vya kupigania uhuru, ikaja mipango ya kuunganisha vishamba na kuandikisha ardhi iliyofungamana na jina la Roger Swynnerton na mwaka 1954, na hati zilipotolewa likaandikwa jina moja, na haki ya muhoi, ambayo haikuwa na safu yake katika daftari, ikapotea. Nadhani ndiyo sababu katika nyanda hizi za juu mtu hukithamini mno kitu ambacho hapana mwingine awezaye kumwamuru juu yake. Mwenye simu ya mkopo amerudishwa katika hali ya muhoi, ila muhoi alimjua mwenye githaka kwa sura, na mvua ikikosekana aliweza kumwendea jioni na kumweleza.

Mafakihi wa Kiislamu walitenganisha dhati ya kitu na manfaa yake, wakakubali kwamba moja yaweza kuwa kwa Zaidi na nyingine kwa Amri. Na katika deni waliifungua njia ya rehani, ambayo hapana shaka juu ya uhalali wake, kwa kuwa Mtume mwenyewe, kama ilivyopokewa katika Hadithi, alifariki dunia ngao yake ya chuma, ile ya kuvaa mwilini, ikiwa rehani kwa Myahudi wa Madina kwa deni la shayiri. Aya ya 283 ya Suratul Baqara imezitaja rehani zilizokabidhiwa, na wengi katika mafakihi waliona kuwa kukabidhi huko ndiko kunakoifanya rehani iwe na nguvu. Palikuwa na insafu katika sharti hilo. Kitu kilichokabidhiwa kilionekana kilipo, na aliyekishika alibeba dhima ya kukitunza. Na mdaiwa alipotazama nyumbani mwake aliona wazi kipi kimeondoka na kipi kimesalia. Rehani ya siku hizi imo mfukoni mwa mdaiwa, imebeba picha za wanawe na nambari za jamaa zake, huku imeshikwa na asiyeonekana. Unguja ilipata kuonja kitu kilicho karibu na hiki, pale wenye mashamba ya mikarafuu walipowauzia wakopeshaji mashamba yao kwa bei ya khiyari, yaani kwa sharti ya kuweza kuyakomboa, na huku wakibaki papo hapo wakilipa ijara: shamba halikuhama, mtu hakuhama, ila milki ilikuwa imekwisha kuvuka upande wa pili kwa karatasi. Madeni yakalimbikizana hata serikali ya visiwa hivyo, katika miaka ya 1930, ikatunga sheria za kuizuia ardhi isizidi kuwaponyoka wenyewe.

Lakini mahali ambapo suali letu limeguswa kwa ukaribu zaidi, kwa maoni yangu, ni katika sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati, kitabu kisicho kigeni kwa Wakristo wa misheni za Tumutumu na Mathari. Sheria ile haikukataza kukopesha wala haikukataza rehani. Iliuwekea mpaka mkono wa mkopeshaji. Jiwe la kusagia lisishikwe rehani, wala la chini wala hata lile la juu peke yake. Mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mdaiwa kujichagulia rehani, bali asimame nje angoje aletewe. Na nguo ya maskini irudishwe kabla ya jua kutua, apate ya kujifunika. Nimelifikiri sana lile jiwe la juu. Ni dogo, huchukulika kwa mikono, na likiuzwa peke yake haliwezi kulipa deni la maana. Mkopeshaji aliyelichukua hakupata mali, ila alipata uchungu wa jamaa iliyoshindwa kusaga unga wa siku ile, na uchungu huo ndio aliotumainia kwamba utamleta mdaiwa mbio na fedha mkononi. Hii ndiyo hasa tabia ya simu iliyofungwa. Aliyeifunga hakuongeza senti katika hazina yake kwa kuifunga. Chombo kinalala bure, hakimfai huyu wala yule, na nguvu yote ya rehani hiyo imo katika shida anayoipata aliyenyimwa. Sheria ya Musa, kama ninavyoifahamu, haikuwa na neno na rehani iliyo mali. Rehani iliyo maumivu matupu ndiyo iliyoikataa, pale maumivu yalipokigusa chakula.

Katika kibanda kimoja cha fundi wa simu, Karatina, nilimwona mama mmoja wa makamo akiitoa simu yake katika leso aliyoifunga mara mbili na kuiweka juu ya kioo cha meza. Uso wa simu ulikuwa na maandishi machache, jumla ya deni na namna ya kulipa. "Mwanangu," alisema, "pesa ya kahawa haijatoka, ikitoka nitalipa yote mara moja." Fundi, kijana mwenye adabu, alikiondoa kikuza-macho chake akamjibu, "Mama, mimi nakuelewa, lakini hii si ya kufungua hapa. Waliokuuzia ndio wenye ufunguo." Kisha akaichukua simu ya mteja mwingine, isiyofungwa, akauvuta uso wake chini kwa kidole, na pale chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari wa kuarifu kwamba kifaa kile kinasimamiwa na wengine. Mama aliusogeza uso karibu, akausoma polepole, akauliza kama hata ile yake ilikuwa na maneno hayo tangu siku ya kwanza. Ilikuwa nayo.

Yeye hakukataa deni. Kilichomshinda ni kwamba deni lake lilihesabiwa kwa siku na riziki yake huja kwa msimu, maana mkulima wa kahawa katika chama cha ushirika hulipwa baada ya kahawa kumenywa, kukaushwa na kuuzwa, miezi mingi tangu aichume. Aya ya 280 ya sura ile ile ya Baqara imeamuru kwamba mdaiwa aliye katika dhiki angojwe hata apate wasaa, na mwenye githaka wa zamani angalilijua hilo bila ya kusomewa. Hesabu ya mtambo, ikipangwa na mtu asiyejua kahawa, haitalijua kamwe.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui na wengine, nahofia, hawataki lijulikane. Husemwa kwamba mfumo hauna njia nyingine, kwamba ni kufunga yote au kuacha yote. Si kweli. Chombo hiki hiki, katika sehemu zake zisizofunguliwa mara kwa mara, kimefundishwa kujizuia. Tangu toleo la tano la Android, lililotoka mwaka 2014, upo utaratibu wa wasifu wa kazini, ambao huigawa simu pande mbili, programu za kazi zikiwa na alama ndogo ya mkoba, na za mwenyewe zikibaki zake. Mwajiri huweza kuufuta upande wake wote, barua na hati za ofisi zikaondoka, na picha ya arusi ya mwenye simu isiguswe wala isionekane. Nao ule uwezo wa kuisimamisha programu moja moja, ambao toleo la mwaka 2016 liliuleta, maana yake ni kwamba mkopeshaji akitaka aweza kusimamisha michezo na sinema, na kuacha wazi simu yenyewe, ujumbe na M-Pesa. Kwa dereva wa bodaboda wa Nanyuki anayeitwa na abiria wake kwa simu, au kwa mama anayepokea malipo ya maziwa Mukurwe-ini, hizo ndizo jiwe la kusagia. Basi ile hukumu ya kale yatekelezeka leo kwa kugusa vidude vichache katika ukurasa wa mipangilio, na mtu aliyeamua kulichukua jiwe lote hawezi kujitetea kwa kusema kwamba chombo kilimlazimisha.

Sisahau haki ya upande wa pili. Pasipo rehani hii, mtu asiye na hati wala mshahara asingepata simu kabisa, na ingekuwa dhuluma kumtaka mfanyabiashara aamini ahadi tupu za maelfu ya watu asiowajua. Tena serikali imekwisha kuchora baadhi ya mipaka: kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa mitandaoni kuipekua orodha ya majina katika simu ya mdaiwa ili kuwatangazia jamaa zake deni lake, na huko, kwa hakika, ni kumwambia mkopeshaji asimame nje ya mlango. Sharti linalosalia, ambalo mimi naliona zito kuliko yote, ni la kujua. Aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, imeamuru deni liandikwe, na ikamtaka mwenye kudaiwa ndiye atamke maandishi, na akiwa dhaifu basi msimamizi wake atamke kwa uadilifu. Hekima yake haikufichika: aliyeyatamka masharti kwa kinywa chake hawezi kuwa hayajui. Leo anayedaiwa hubonyeza neno la kukubali chini ya kurasa asizozisoma, na uwezo wote nilioutaja juu hupita ndani ya kubonyeza huko. Mafakihi waliyaita mapatano yenye giza la namna hii gharari, wakayatia kasoro. Muuzaji wa Nyeri aweza kuiondoa kasoro hiyo kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, kwa kumwambia mnunuzi kwa Kiswahili au Kikuyu ni nini kitakachofungwa na baada ya siku ngapi, kisha kumwomba ayarudie yeye mwenyewe.

Juu ya mwisho wa rehani hapana hitilafu: deni likiisha, rehani hufunguka. Kwa simu, maana yake ni programu ya usimamizi kuondoka kabisa na cheo kile cha mmiliki wa kifaa kufutwa, si uso kufunguliwa tu na mkono kubaki ndani. Na deni lisipoisha, limezuka jambo ambalo wazee hawakuwa nalo kwa kiasi hiki, kwa sababu kufuli hii hukifuata kitu wala haimfuati mtu. Baadhi ya mafakihi waliona kwamba kuuza kilichowekwa rehani bila ya idhini ya mwenye kudai ni uuzaji ulioning'inia, na sheria ya Kenya ya mwaka 2017 juu ya dhamana za mali inayohamishika imeweka daftari ambamo haki kama hizo huweza kusajiliwa na kutafutwa. Lakini kijana anayenunua simu ya mkono wa pili Jumamosi mjini Nyeri haendi kutafuta daftari. Hukabidhi fedha, huondoka, na wiki mbili baadaye hufungiwa kwa deni la mtu asiyemjua. Mpaka maduka yatakapokuwa na desturi ya kumpa kila aliyemaliza kulipa karatasi ya kuthibitisha kwamba simu yake imeachiliwa, mnunuzi huyo afanye hivi: airudishe simu katika hali ya kiwandani mbele ya muuzaji, aiunganishe na intaneti, angoje hata iwake yote, na autafute ule mstari wa herufi ndogo kabla hajatoa shilingi.