Mto Ulipohama, Kanisa Likabaki

Mwaka 1829 mto Rio Grande ulifurika, ukalisomba kanisa la Ysleta, na katika mafuriko ya miaka hiyo ukajichimbia mkondo mpya. Kijiji kilichokuwa kusini mwa mto kikajikuta kiko kaskazini. Halikuwa jambo kubwa, kwa kuwa kingo zote mbili zilikuwa za Mexico. Lakini mwaka 1848 Mkataba wa Guadalupe Hidalgo ulimaliza vita baina ya Mexico na Marekani, ukaufanya mto huo kuwa mpaka. Waumini wa Ysleta, pamoja na majirani zao wa Socorro na San Elizario, wakawa chini ya bendera ya Marekani bila yeyote kati yao kuhama nyumba.

Leo Ysleta ni sehemu ya jiji la El Paso, Texas, na Socorro na San Elizario ziko pembezoni mwake. El Paso ni jiji la jangwani lenye watu wapatao 680,000. Linatazamana na Ciudad Juárez, ambayo ina watu zaidi ya milioni moja na nusu. Watalii hupita kwa magari kwenye barabara ya kilomita kama kumi na tano iitwayo Njia ya Misheni, wakishuka kupiga picha kuta nyeupe na minara ya kengele. Wote huambiwa wamefika mahali patakatifu. Ni haki kuuliza: patakatifu kwa sababu gani? Ardhi yenyewe imebadili nchi. Jengo la Ysleta lilisombwa na maji, likajengwa upya, kisha likaungua mwaka 1907 na kujengwa tena. Tawala zimepokezana: Hispania, Mexico, Marekani. Kama utakatifu unakaa katika kitu fulani pale, ni kipi hicho ambacho mto, moto na mikataba havikukiondoa?

Wasomi wa dini wamelijibu swali hili kwa njia mbili kubwa. Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1912 kuhusu asili ya maisha ya dini, alisema jamii ndiyo inayotenga vitu na mahali, ikavizungushia miiko. Mircea Eliade, akiandika katikati ya karne ya 20, alishika upande mwingine: patakatifu hapachaguliwi na mtu, hujifunua penyewe, na mtu hupagundua tu. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini wote wawili wanatueleza zaidi namna patakatifu panavyoanza kuliko namna panavyodumu.

Wakristo na Waislamu wanaijua habari ya Musa mbele ya moto. Katika Kitabu cha Kutoka na katika Sura Taha, anaambiwa avue viatu. Kabla hajapewa ahadi yoyote wala hajatumwa kwa Farao, ardhi ile inamtaka afanye jambo. Hapo ndipo hoja ya makala haya inaposimama: mahali patakatifu ni mahali panapomdai mtu. Pakiacha kudai, panabaki kuwa mahali pazuri, au pa kale, au pa kusikitisha, na hayo si haba. Lakini ni kitu kingine.

Atatokea mtu aseme kwamba hata mtoza ushuru anadai. Ni kweli, ila deni la ushuru unalilipa ukapewa risiti, na usipolipa kuna askari. Deni la patakatifu halina risiti. Haliishi, hakuna awezaye kumlipia mwenzake, na wanaolilipa huona wamepata, hawakupoteza.

Tuitazame basi Ysleta. Chanzo chake hakina usafi ambao vipeperushi vya watalii hukipa. Katika New Mexico ya karne ya 17 watawala wa Kihispania na baadhi ya mapadri walipiga marufuku ibada za watu wa Pueblo, wenyeji wa huko, wakachoma vinyago vyao. Mwaka 1675 gavana aliwakamata viongozi 47 wa dini ya wenyeji. Baadhi walinyongwa, wengine wakachapwa viboko. Mmoja wa waliochapwa, Po'pay, ndiye aliyeongoza maasi ya mwaka 1680, ambayo yaliua Wahispania wapatao 400, mapadri 21 wakiwemo. Waliosalimika walikimbilia kusini hadi Paso del Norte, ambako Padri García de San Francisco alikuwa ameanzisha misheni ya Mama Yetu wa Guadalupe mwaka 1659. Misheni hiyo bado ipo, katikati ya Juárez.

Pamoja na wakimbizi hao walikuja Watigua na Wapiro, nao pia watu wa Pueblo. Wengine walifuata kwa hiari, wengine walichukuliwa mateka. Ndio waliojenga misheni za Ysleta na Socorro kuanzia mwaka 1682. Kwa hiyo kanisa ambalo leo linapigwa picha kama ishara ya amani ya imani lilisimamishwa na watu waliong'olewa kwao, chini ya dini ambayo jana yake ilichoma vinyago vya ndugu zao. Kama utakatifu ungehitaji chanzo kisicho na doa, Ysleta isingekuwa nao.

Lakini Watigua hawakuondoka. Kila tarehe 13 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Antoni wa Padua, wanacheza mbele ya kanisa kwa ngoma yao, kwa nyimbo za kwao, na ndani Misa inasomwa. Wamefanya hivyo kizazi baada ya kizazi, hata katika miaka ambayo serikali haikuwatambua kabisa kama taifa la wenyeji. Sheria ya Bunge la Marekani iliyowarudishia hadhi hiyo kikamilifu ni ya mwaka 1987. Mtu anaweza kubishana na wamisionari, na kuna mengi ya kubishania. Ni vigumu zaidi kubishana na watu walioichukua nyumba ya kulazimishwa wakaifanya yao kwa kuitumikia.

Socorro nayo ilipoteza kanisa katika mafuriko ya 1829. Watu waliziokoa boriti za paa, zilizochongwa na kupakwa rangi kwa mikono ya Wapiro, na walipomaliza kanisa jipya mwaka 1843 wakazipandisha tena. Mgeni akiinua macho leo anaziona zilezile. Kuta ni za tofali bichi, na tofali bichi lina masharti yake. Linataka kupakwa udongo upya mara kwa mara, maana jua la jangwani hulipasua na mvua chache za kiangazi humega kona. Saruji huonekana kuwa suluhisho, kumbe hufungia unyevu ndani na ukuta ukaoza bila kuonekana. Ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2005 ulirudi kwenye njia ya zamani: maelfu ya matofali yalifyatuliwa kwa udongo, na watu wa kijiji, vijana wakiwemo, walijifunza tena kazi ambayo babu zao waliifanya. Pengine hakuna jengo linaloeleza jambo hili vizuri zaidi. Kanisa la mawe linaweza kusahaulika miaka mia na likakutwa limesimama. La tofali bichi likisahauliwa kwa kizazi kimoja, linarudi kuwa udongo.

Serikali, kwa upande wake, huitazama ardhi hiyohiyo kwa jicho jingine. Mwaka 1864 Rio Grande ilihama tena, ikaacha kipande cha Mexico kiitwacho Chamizal upande wa El Paso. Mzozo ulidumu karibu miaka mia. Mkataba wa mwaka 1963 uliigawa ardhi, watu wapatao 5,600 wakahamishwa, na mto ukawekwa ndani ya mfereji wa zege usiweze kuhama tena. Marais wa nchi hizo mbili walikutana hapo mwaka 1968 kuyaelekeza maji, na leo kila upande una bustani ya kumbukumbu. Ni mafanikio ya kweli ya diplomasia, na yanastahili kutembelewa. Chamizal ilikuwa eneo la kupimwa kwa ekari na kubadilishana. Mahali ambapo watu wanadaiwa hapabadilishwi hivyo.

Mlima Cristo Rey unaonyesha upande huo kwa uchungu. Uko Sunland Park, New Mexico, mkabala na El Paso, na mpaka wa Mexico unapita kwenye mteremko wake. Mwaka 1933 Padri Lourdes Costa, paroko wa Smeltertown, alipata wazo la kuweka ishara ya Kristo kileleni. Smeltertown kilikuwa kijiji cha wafanyakazi wa Kimexico walioyeyusha shaba na risasi katika kiwanda cha ASARCO. Watu hao, kwa mishahara midogo ya miaka ya mdororo wa uchumi, walichimba njia kwa sululu na koleo. Kwanza ukasimama msalaba. Kisha mchongaji Mkatalunya Urbici Soler akachonga Kristo wa jiwe la chokaa, mwenye urefu wa mita tisa hivi, aliyemalizika mwaka 1939.

Smeltertown haipo tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iligundulika kwamba watoto wa pale walikuwa na sumu ya risasi katika damu, nyumba zikabomolewa, watu wakatawanyika. Mwaka 2013 hata mabomba marefu ya moshi ya kiwanda yaliangushwa kwa baruti. Kwa hesabu ya kawaida, parokia iliyojenga sanamu ilipofutika, mlima ungepaswa kubaki mandhari tu. Haikuwa hivyo. Kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba maelfu ya watu hupanda ile njia ya kilomita nne hivi, baadhi yao pekupeku, wengine wakiimba au kubeba picha za wagonjwa wao. Hata siku yenyewe ni ya uaminifu: Kanisa lilihamishia sikukuu ya Kristo Mfalme mwezi Novemba kwa marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969, lakini mlima umebaki na Oktoba yake. Wajukuu wa waliochimba njia wanakuja kuitembea, na wageni wanaopanda nao, hata wasioamini, hulipa kitu kwa miguu na pumzi.

Hapo ndipo utalii unapoweza kujisahihisha. Kilomita kama hamsini mashariki mwa katikati ya jiji kuna Hueco Tanks, vilima vya mawe vyenye mashimo yanayokinga maji ya mvua. Katika nchi kavu namna ile, maji yaliwaita watu kwa maelfu ya miaka. Wamogollon wa Jornada, wenyeji wa kale wa eneo hilo, walichora hapo vinyago zaidi ya mia mbili, mkusanyiko mkubwa wa vinyago vya kuchorwa kuliko wowote Amerika Kaskazini, na wataalamu wengi huvihusisha na dini ya watu wa Pueblo, ileile ambayo vinyago vyake vilichomwa. Moto wa wamisionari haukufika huku. Uharibifu mwingine ulifika: abiria wa magari ya farasi ya posta ya karne ya 19 waliandika majina yao juu ya michoro, na wengine wakaendelea baada yao. Mwaka 1998 masharti yakawekwa. Sehemu ambayo mgeni anaruhusiwa kuzunguka peke yake haipokei zaidi ya watu 70 kwa wakati mmoja, kwingine kote hakuingiliki bila kiongozi, na kabla ya kuingia kila mmoja hutazama filamu ya maelekezo. Wapanda miamba walinung'unika. Lakini kwa Watigua, Waapache wa Mescalero na Wakiowa, ambao wote wana historia na ibada zao hapo, masharti hayo yalirudisha jambo lililokuwa limepotea: mgeni anafika akiwa na wajibu.

Swali gumu kuliko yote linabaki. Yesu alimwambia mwanamke Msamaria kwamba saa inakuja ambapo Baba hataabudiwa katika mlima ule wala Yerusalemu. Mtume Muhammad alifundisha kwamba ardhi yote imefanywa mahali pa kusujudu. Kama Mungu yuko kila mahali, kwa nini mtu asote juu ya mlima mmoja wa jangwani? Jibu la El Paso ni kwamba anayedaiwa kila mahali kwa jumla huishia kutolipa popote. Februari 2016 Papa Fransisko alisimama kando ya mto upande wa Juárez, mbele ya msalaba, akawaombea waliokufa wakijaribu kuvuka. Watu wa El Paso waliifuata Misa yake kwenye skrini katika uwanja wao wa mpira. Angeweza kuwaombea akiwa Roma. Alikwenda kwa sababu marehemu wale walifia mahali fulani, na huruma kwao ilidai mtu asimame pale.

Kipimo hichohicho kinasaidia mbele ya jengo la kushangaza kuliko yote jijini. Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso kimejengwa kwa mtindo wa Bhutan tangu mwaka 1917, baada ya mke wa mkuu wake wa kwanza, Kathleen Worrell, kuona picha za nchi hiyo kwenye jarida la National Geographic. Mafundi wa Bhutan walijenga hekalu la Kibudha kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 2008 mjini Washington, na baadaye nchi yao ikakizawadia chuo hicho hekalu hilo. Michoro ni halisi, useremala ni halisi, na uzuri wake ungeweza kumtuliza mtu yeyote. Linatumika kufundishia utamaduni, na linafanya kazi hiyo kwa heshima. Ila hadi sasa halina wana wa kulitumikia El Paso. Hakuna anayekwenda kwa sababu ni lazima aende. Likipata jumuiya ndogo ya Wabudha watakaowasha taa za siagi humo kila siku na kufagia ngazi, hali itabadilika bila tofali moja kuongezwa. Na makanisa ya Njia ya Misheni yanaweza kwenda upande wa pili kwa urahisi uleule, kuta zikiwa nzima na boriti zikiwa mahali pake, iwapo kodi za nyumba zitawasukuma mbali waumini wanaosali humo Jumapili na kupaka udongo kabla ya mvua.