Bendi Haipimwi kwa Simu

Wajukuu zangu wa Kashikishi na Nchelenge, juzi niliwasikia mkibishana ni onyesho gani la bendi lililo bora kuliko yote. Mwishowe mkakubaliana kwamba bora ni lile lililotazamwa na watu wengi zaidi kwenye simu. Nilikohoa, hamkunisikia. Basi leo nisikilizeni.

Muziki wa rumba uliotufikia kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa Mweru, ulikatwakatwa tangu zamani, kabla hata ya simu. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilibeba dakika chache tu kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi za Franco na bendi yake ya TPOK Jazz ziligawanywa sehemu mbili. Upande wa kwanza unasikiliza maneno, ukigeuza unakutana na sebene, kipande cha magitaa na kucheza. Jukwaani hakuna wa kugeuza santuri. Mpiga gitaa la solo anarudia kifungu kilekile, wa mi-solo anamjibu, wa ridhimu habanduki mahali pake, halafu mmoja anabadilisha noti mbili tu na ukumbi mzima unapiga kelele. Wanamuziki wa dansi wa Tanzania wanakiita kipande hicho chemko. Anayeondoka kabla yake amesikia utangulizi tu.

Mlilitaja tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, na sibishi. Nami nimeiona filamu ya Soul Power: James Brown, B.B. King na Celia Cruz, pamoja na wenyeji, Franco na Tabu Ley. Pambano la ngumi la Ali na Foreman lililopangwa pamoja nalo liliahirishwa hadi Oktoba 30 kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho, lakini muziki haukungoja. Ni tamasha kubwa. Ila kumbukeni kwamba tunalijua vizuri kwa sababu kamera zilikuwepo.

Miaka hiyohiyo, huku kwetu Zambia, bendi ya WITCH ilikuwa ikipiga kuanzia saa moja usiku hadi saa nane. Emmanuel Chanda, yule Jagari, amelisimulia hilo mwenyewe. Nani alirekodi saa zote hizo? Na baadaye vijana wa bendi ya Shalawambe waliotoka Mushota, hapo Kawambwa, wakaupeleka muziki wa kalindula kwenye magitaa ya umeme: santuri zao zipo, lakini usiku wao mwingi umebaki kwenye miguu ya waliocheza. Ukitaka kujua onyesho bora la mkoa wetu wa Luapula, waulize wazee wenye magoti mabovu.

Mimi usiku wangu ni wa bendi isiyo na jina kubwa, hapahapa Kashikishi. Katikati ya wimbo waya wa solo ulikatika. Kijana wa ridhimu hakusimama wala hakutazama nyuma. Besi akapanda juu, akaanza kuimba kwa vidole yale ambayo solo angeyapiga, na mpiga ngoma akapunguza mkono ili asikike. Yule wa solo alimaliza kufunga waya, akasimama na gitaa lake shingoni, asiingie. Alikuwa anasikiliza. Alipoingia hatimaye, aliingia na kifungu cha besi, si chake. Wimbo ule niliusikia tena mara nyingi baadaye, haukurudi hivyo hata siku moja.

Kwa hiyo mkienda kwenye onyesho, kaeni karibu na besi, msikimbilie mbele kwa mwimbaji. Msipige kelele kuomba wimbo unaovuma. Mwacheni kiongozi asome ukumbi wake. Rekodini wimbo mmoja kama lazima, kisha simu iingie mfukoni. Na mtunzeni mpiga ridhimu. Noti zote za kwacha hubandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, na huyu aliyebeba nyumba nzima anarudi kwake mikono mitupu! Najua Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi umefungwa na mifuko imekauka. Hata hivyo kwacha chache za mkononi anazikumbuka.

Mwishoni mwa Julai ni sherehe ya Mutomboko. Nendeni Mwansabombwe mapema, na chifu Mwata Kazembe akianza kucheza, msiwasahau wapiga ngoma. Angalieni wanavyomtazama yeye. Kama kuna bendi jioni, kubalianeni na dereva tangu mchana kwamba mnarudi asubuhi, na nauli yake iwekeni pembeni kabla hamjanunua chochote.