Sura ya Mtu wa Pembeni

Likizo moja mpwa wangu aliniita sebuleni kwangu Musoma nimtazame akicheza mchezo wa video. Ulikuwa Resident Evil 5, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 2009. Mmarekani mwenye bunduki alikuwa akipita katika mji wa kubuni uitwao Kijuju, na wenyeji wakimkimbilia kwa mapanga. Kilichonishtua ni sauti zao. Mji huo umewekwa Afrika Magharibi, lakini wenyeji wake wanapiga kelele kwa Kiswahili.

"Mbona unawaua watu hawa?" nikauliza.

"Mjomba, hao si watu. Ni majini tu."

Kweli, ndilo jina walilopewa mchezoni: Majini, watu walioingiwa na vimelea na kupotewa na utu. Picha za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007, wapo waliolalamika kwamba Mzungu anaonyeshwa akiwaua Waafrika maskini. Mchezo wenyewe una pia shujaa Mwafrika, Sheva Alomar. Yeye ana jina, ana macho yanayobadilika, ana historia. Wale wengine, nilipowatazama vizuri, nikaona sura ileile ikirudi: aliyekufa mlangoni akatokea tena dirishani, amebadilishiwa shati tu.

Wachoraji wana sababu yao. Kila sura mpya hula siku za kazi na nafasi katika mashine. Hivyo mtu wa pembeni, anayeendeshwa na kompyuta yenyewe, hupewa sura ya kukopeshana. Sina ugomvi na kubana matumizi. Swali langu ni hili: ni nani anayestahili gharama ya kuchorwa uso?

Nilikuwa tayari kumhukumu Mjapani nisiyemjua. Lakini mwaka uleule nilikwenda msibani Butiama, kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Mama mmoja akaniletea maji ya kunawa, akatabasamu.

"Shikamoo, baba. Leo huna haraka ya basi?"

Niliitikia, lakini sikumjua. Akacheka, akanieleza. Kwa miaka mitatu amekuwa akiniuzia karanga dirishani mwa basi katika stendi ya Bunda. Alijua kwamba sipendi zilizotiwa chumvi. Alijua siku ambazo nilisafiri na mke wangu. Mimi nilijua mkono tu, na pakiti ndani yake.

Ndugu msomaji, niliona haya. Mchoraji alikuwa na udhuru wa gharama. Mimi nilikuwa na macho ya bure, na bado nilimchora mama yule bila uso. Sisi tuliokulia katika ahadi za TANU tulifundishwa mapema kwamba binadamu wote ni ndugu. Nadhani tuliikubali ahadi ile kirahisi kwa sababu neno "wote" halina sura. Kazi huanza pale "wote" wanapokuwa mmoja, amesimama juani, anasubiri chenji yake.

Sikumkataza mpwa wangu mchezo wake. Nilimwambia tu kwamba kabla hatujamwita mtu jini, tuhakikishe kwanza kwamba tulimtazama.

Mama wa karanga sasa namjua kwa jina, na kila nipitapo Bunda tunasalimiana. Kando yake husimama kijana anayeuza maji. Hadi leo sijamwuliza jina lake.