Wembe Usiokata

Mtoto akililia wembe, mpe. Ndivyo walivyosema wazee, wala hawakusema hivyo kwa ukatili. Walijua ya kuwa wembe ni mwalimu: mtoto akiushika vibaya utamkata, naye akiisha kukatwa hahitaji hotuba. Lakini itakuwaje ikiwa wembe tunaompa haukati?

Swali hili latujia kwa ajili ya kitu kidogo. Kampuni ya Heller, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1957, imejipatia sifa kwa mifano ya plastiki ya ndege na meli. Mmoja wa mifano yake ya zamani ni ule wa Amiot 143, ndege ya Kifaransa ya kutupa mabomu iliyotumika katika Vita Kuu ya Pili. Sandukuni hamna ndege, mna vipande vyake tu. Mwenye kununua huvikata kimoja kimoja, huvisugua, huviunganisha kwa gundi, kisha huvipaka rangi. Kila kipimo kimegawanywa kwa 72. Mabawa yaliyokuwa na upana wa meta 24 na zaidi, toka ncha hata ncha, huwa sentimeta 34. Mtu mzima, kwa kipimo hicho, hafiki sentimeta tatu.

Je, yafaa kukigeuza chombo cha mauaji kuwa kitu cha kuchezea? Wako wasemao haifai kabisa, kwa kuwa azoeaye vita katika mchezo hatavichukia katika kweli. Wako na wasemao kwamba plastiki ni plastiki tu, tena kazi hiyo hufunza subira na utulivu wa mkono. Pande zote mbili zina neno la haki, lakini twaona hazijafika kwenye kiini. Tuitazame kwanza ndege yenyewe.

Ukiona vyaelea, vimeundwa; na vya angani vivyo hivyo. Amiot 143 iliingia jeshini mwaka 1935, nzito, yenye injini mbili, na magurudumu yasiyokunjika. Vita vilipoanza mwaka 1939 ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati. Ikapewa kazi za usiku, na mojawapo ilikuwa kudondosha karatasi za maneno juu ya nchi ya Ujerumani. Tarehe 13 Mei 1940 Wajerumani walivuka mto Meuse karibu na mji wa Sedan. Kesho yake Wafaransa, kwa kukosa vyombo bora vya kutosha, walizituma ndege hizi mchana kweupe kwenda kupiga vivuko. Mwendo wake ulikuwa kama kilometa 300 kwa saa. Ndege za Kijerumani za kuwinda zilipita kilometa 500, na chini mizinga ilikuwa ikingoja. Adui hakuzuiwa, na wako waliokwenda wasirudi.

Siku hiyo hiyo, 14 Mei, ndege za Kijerumani za namna ya Heinkel 111 zilitupa mabomu juu ya mji wa Rotterdam, katika Uholanzi. Moyo wa mji ukateketea. Mamia ya watu wakafa, na maelfu kwa maelfu wakakosa pa kulala.

Heinkel 111 nayo imefanyiwa mifano ya plastiki. Basi ziwekeni ndege hizo mbili juu ya kabati moja. Moja ilikwenda kupiga daraja ili kuikinga nchi yake. Nyingine ilichoma nyumba za watu. Kabatini zapendeza sawasawa. Plastiki haijui tofauti ya daraja na mji, wala haina kilio, wala harufu ya moshi. Hapa ndipo wembe unapokuwa butu. Hatuogopi kwamba mtoto ataumia, bali kwamba hataumia hata kidogo, naye ataondoka akidhani amekwisha kuvijua vita.

Tena ipo hatari katika kule kupunguza. Mtupa mabomu, akiwa juu, huwaona walio chini kama sisimizi. Labda kama angewaona kwa kimo chao mkono wake ungesita. Nasi tuishikapo ndege yake kiganjani, twamtenda yeye vilevile: twasahau kwamba ndani ya Amiot kulikuwa na watu, nao walikuwa na mama zao. Udogo wa mtu machoni petu ndio mwanzo wa ukatili wote, uwe wa angani au wa mezani.

Je, tuyatupe masanduku hayo? La. Hukumu yetu ni kwamba kosa halimo katika plastiki, limo katika ukimya wa mkubwa aketiye kando. Wembe ukikosa makali, neno la mzazi halina budi kuwa nayo. Gundi ingali inakauka, mtoto na aulizwe: Ndege hii ilikwenda wapi? Ni nani aliyekuwamo? Nani alikuwa chini yake? Asiyeweza kujibu hajamaliza kuijenga, hata kama rangi yake haina doa.

Hayo twayasema kwa ajili ya plastiki ya Wafaransa, lakini hata bunduki ya kijiti anayojichongea mtoto uani yahitaji maswali yayo hayo. Mkubwa aliye karibu na ayaulize.