Dawa Iliyoficha Jina Lake

Anayeugua soriasisi huamka asubuhi akakung'uta magamba kwenye shuka. Mabaka yametuna viwikoni, magotini na kichwani, yanawasha, na kwenye ngozi nyeusi huwa ya zambarau au ya kahawia iliyokolea. Hayaambukizi mtu. Kinga ya mwili ndiyo iliyokosea njia: chembe za ngozi zinazohitaji takriban mwezi mmoja kukomaa husukumwa juu kwa siku chache. Ugonjwa huu hutulizwa, hauondolewi moja kwa moja, na mfa maji haachi kutapatapa.

Katika miaka ya 1990, wagonjwa wengi Marekani walishika kopo la kupuliza lililotoka Hispania, jina lake Skin-Cap. Lebo ilitaja zinki pairithioni, kiambato kilichomo kwenye shampuu za mba, na liliuzwa bila cheti cha daktari. Mabaka yaliyokaa mwilini miaka mingi yakafifia. Mgonjwa akamwambia mgonjwa mwenzake, na kila aliyepata nafuu akawa shahidi.

Mwaka 1997 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliyokuwa na makao yake Rockville, Maryland, jirani na Washington, iliwatahadharisha watu waache kulitumia na ikazuia lisiingizwe nchini. Vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba ndani yake mna klobetasoli, steroidi iliyo miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote za kupaka, isiyoruhusiwa kuuzwa bila cheti. Ndiyo hiyo hiyo inayopatikana katika mikorogo mingi ya kwetu.

Steroidi si sumu mikononi mwa daktari anayeipimia kiasi na muda. Hatari iko kwa asiyejua kwamba anaitumia. Hupaka mwili mzima kwa miezi, ngozi ikawa nyembamba na kuchanika michirizi, na dawa ikapenya damuni hadi tezi zinazotengeneza homoni zikalegea. Akiacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa ukali zaidi, wakati mwingine kwa vipele vya usaha.

Dawa za mitishamba nazo zimewahi kubeba siri hiyo. Mwaka 1999 madaktari wa London walichapisha matokeo ya kupima krimu 11 za mitishamba ya Kichina walizokuwa wakitumia wagonjwa wa ngozi: 8 zilikuwa na deksamethasoni, steroidi nyingine.

Hilo halitupi ruhusa ya kudharau mitishamba. Kwa karne nyingi watu wa bonde la Nile walitibu mbalanga kwa mmea wa huko pamoja na jua. Katika miaka ya 1940 daktari wa Kimisri, El Mofty, aliuchunguza, na mwaka 1974 madaktari wa Boston wakaonyesha kuwa kemikali ya mmea huo, ikiunganishwa na miale ya urujuanimno, hutuliza soriasisi. Kwa kuwa tiba hiyo ilifuatiliwa, ikajulikana pia kwamba ikizidi huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Mgonjwa anayeipokea leo anajua anachopewa.

Funzo ni hili. Ukipewa dawa ya ugonjwa sugu, iwe ya duka, ya mganga au ya kifurushi kutoka nyumbani, uliza kilichomo. Anayekuahidi kuponya kabisa na hataki kutaja viambato, mwache. Ikiwa umeshaanza kuitumia na imekusaidia upesi kupita kiasi, usiiache ghafla kwa hofu: ichukue na kopo lake uende kwa daktari, umweleze umepaka wapi na kwa muda gani. Usione haya, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Nanyi mnaoishi Marekani, ambako FDA ina makao yake leo huko Silver Spring, Maryland, jueni kwamba mtu yeyote, si daktari peke yake, anaweza kuiarifu mamlaka hiyo kuhusu dawa iliyomdhuru. Taarifa yako inaweza kumwokoa mgonjwa usiyemjua.