Msiwarudishe Utumwani

Somo: Yeremia 34:8–22



Maji yalipomfika shingoni Mfalme Sedekia, jeshi la Babeli likiwa limeizingira Yerusalemu, yeye na wakuu wake waliweka agano katika nyumba ya Mungu: kila mwenye mtumwa Mwebrania amwache huru. Wakawaacha. Adui akaondoka kwa muda, hofu ikawatoka, na mikono ile ile iliyoapa ikawakamata tena waliowaachilia. Bwana akanena kwa kinywa cha Yeremia kwamba kwa kuvunja kiapo hicho wamelitia unajisi jina lake.

Taifa la Marekani lilitenda dhambi hiyo mchana kweupe, na hukumu yake inamhusu kila anayeapa.

Tarehe 12 Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini yenye watumwa vikielekea ukingoni, viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi walikutana mjini Savannah na Jenerali William Sherman pamoja na Waziri wa Vita, Edwin Stanton. Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mchungaji wa Kibaptisti mwenye miaka 67, aliyejikomboa yeye na mkewe kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Akaulizwa watu wake wataishije. Mzee hakuomba sadaka. Alitaka wapewe ardhi, wailime kwa jasho lao, hata waweze kuinunua iwe mali yao. Siku nne baadaye Sherman akaamuru visiwa na mashamba ya pwani, kuanzia South Carolina hadi Florida, yagawiwe watu hao, kila familia isizidishe ekari 40. Maelfu wakaingia. Wakafyeka, wakapanda, wakajenga.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo Rais Abraham Lincoln akapigwa risasi. Andrew Johnson, aliyerithi kiti chake, akawasamehe mabwana wa zamani na kuwarudishia ardhi. Oktoba akatumwa Jenerali Oliver Howard kwenye Kisiwa cha Edisto kupeleka habari. Howard alikuwa mcha Mungu, mkono wake wa kulia ulikatwa vitani, na ndiye aliyeongoza idara ya kuwasaidia walioachwa huru. Kanisa likajaa pomoni. Akawaambia mashamba si yao tena. Wakafanye kazi kwa waliokuwa wakiwamiliki, na wawasamehe. Wakamjibu kwa barua: mtu atamsameheje aliyemfunga mtini akamchapa viboko 39, akawavua nguo mama yake na dada yake na kuwachapa, na ambaye leo anaungana na wenzake kumnyima ardhi?

Sikieni neno hilo! Msamaha unaodaiwa kwa aliyechapwa, huku aliyechapa akikabidhiwa shamba, si Injili.

Hata hivyo kiapo kiliandikwa, tena mara tatu, ndani ya Katiba: mwaka 1865 utumwa ukakomeshwa, 1868 watu weusi wakathibitishiwa uraia, 1870 ikakatazwa kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Mwaka huo huo wa 1870 mchungaji Hiram Revels wa Mississippi akaapishwa, Mmarekani mweusi wa kwanza kuingia Seneti.

Damu ikafuata. Jumapili ya Pasaka, 13 Aprili 1873, wazungu wenye bunduki na mzinga waliizingira mahakama ya Colfax, Louisiana, ambamo watu weusi walikuwa wakiilinda serikali waliyoichagua. Jengo likachomwa moto. Wengi wakauawa baada ya kujisalimisha. Mwaka 1876 Mahakama Kuu ikawaacha huru wale wachache waliokuwa wametiwa hatiani.

Na wale marafiki wa Kaskazini? Walichoka. Uchaguzi wa 1876 ulipoleta mzozo, Rutherford Hayes akapewa urais kwa kura 185 za wajumbe dhidi ya 184, na mwaka 1877 askari waliokuwa wakizilinda serikali za South Carolina na Louisiana wakaondolewa. Wakubwa wakapatana, wanyonge wakalipa. Mississippi ikaandika katiba mpya mwaka 1890, yenye kodi ya dola mbili kwa mpiga kura na mtihani wa kusoma au kuieleza katiba. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi 130,334 mwaka 1896. Kufikia 1904 walibaki 1,342. Tangu askari waondolewe hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 ilipita miaka 88. Wapo waliozaliwa, wakazeeka na kuzikwa wakiisubiri ahadi ambayo tayari ilikuwa sheria.

Ahadi ni deni, ndugu zangu, na deni la mnyonge hudaiwa na Mungu mwenyewe. Wewe uliyeshika Biblia ukaapa kuilinda katiba, usiilinde siku ya kiapo tu. Hakimu, usimwachie mwuaji kwa kisingizio cha maneno ya sheria. Mchungaji, usiwahimize waliodhulumiwa wanyamaze kabla hujamwambia dhalimu arudishe alichochukua. Nawe unayesema umeshawasaidia vya kutosha, kumbuka kwamba Kusini iliua kwa bunduki, na Kaskazini ikauacha mlango wazi kwa kuchoka. Usichoke! Anayechoka kutenda haki humfungulia Farao njia.

Tubuni, mkatimize mlichoapa, wangali hai mlioapa kwa ajili yao. Amina.